Amani ya Dunia Ilivyokwama Masama

Tangu turudi, kila anayeingia mgahawani kwangu anaagiza chai, anakoroga sukari taratibu, kisha anauliza, "Eti Mama Rehema, ni kweli mliwadanganya wale wazee?" Nimechoka kujibu huku chapati zinaungua. Nimeandika yote hapa, msome wenyewe, mwachiane karatasi bila kuzipaka mafuta. Hatukumdanganya mtu. Tulikwama, tulipokwama tukakaribishwa, na tulipokaribishwa tukala. Mengine yalifuata yenyewe.

Habari za vibali na kukodi gari naziruka. Jueni tu kwamba kikundi chetu cha wananchi hapa Moshi kinaamini dunia inaweza kupatana, na kwamba vijana wakishirikishwa mapema wataharibu kidogo kuliko tulivyoharibu sisi. Mwenyekiti ni Mzee Mwakalinga, mstaafu wa kiwanda cha sukari, mtu wa Mbeya, asiyeweza kuomba chumvi bila kutaja ushirikiano wa kimataifa. Katibu ni mimi. Nilizaliwa kwenye kota za mashamba ya miwa, wazazi wangu walitoka Singida, na ule mlima nimeuona kila asubuhi ya maisha yangu bila kuwa na jamaa hata mmoja huko juu. Hilo mlishike, litawasaidia kunihurumia. Wa tatu ni Aikande, binti wa chuo, Mchagga wa mjini. Kijijini kwao huenda Krismasi, anakula nyama, anapiga picha kwenye migomba, anarudi.

Mpango ulikuwa tuanzie Kahe, tupande Masama, tumalizie Sanya Juu. Kila tulipopita tungewaalika vijana, na pale Sanya Juu wangekutana wote ukumbini na kuongea kwa video na vijana wa Nepali, ambao nao wanaishi chini ya milima na Aikande alijuana nao mtandaoni.

Aikande ndiye aliyekuja na wazo la masale. Wenyeji wa huku wanayajua: yale majani marefu ya kijani yanayopandwa mpakani na kuzunguka nyumba. "Kila Mchagga anajua masale ni amani," alisema. "Tuyashike badala ya bendera. Halafu kwenye picha tutatoka vizuri, yaani acha tu." Mwenyekiti alifurahi mpaka akamkatia jani na dereva. Dereva wetu, Bwana Massawe wa Kibosho, aliliangalia lile jani, akatuangalia sisi mmoja mmoja, akaliweka juu ya dashibodi, akawasha gari.

Kahe: mwiba wa samaki

Kahe kuna joto la kukufanya ujutie nguo ulizovaa. Tulichelewa kwanza kwa sababu ya ng'ombe waliokuwa wamesimama barabarani kana kwamba wana mkutano wao, kisha kwa sababu Mwenyekiti alishuka kuwasalimia wachungaji na kuwaeleza umuhimu wa diplomasia. Wachungaji walimsikiliza kwa heshima zote. Ng'ombe walijiondokea.

Vijana walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea, wamekaa kivulini nje ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alinyanyua jani lake la masale, akazungumza kuhusu mabara yote, akabakiza moja tu, nadhani alilisahau. Alipomaliza, alisimama kijana mmoja mwenye buti za shambani zilizojaa tope, anaitwa Shabani, analima vitunguu.

"Shikamoo mzee," akasema. "Hiyo amani ya dunia tumeipokea. Sasa tuje kwenye maji. Hao wa juu wakishamaliza kumwagilia migomba yao, sisi huku mfereji unaleta matope. Nyie si ndo mnapanda huko? Waambieni."

"Hilo ni suala mtambuka," alijibu Mwenyekiti.

"Mtambuka ni nini?"

"Ni suala ambalo..." Mwenyekiti alikunja jani lake. "Linahitaji wadau wote."

Vijana walicheka, na mimi nilicheka, ingawa katibu hatakiwi. Nikamwambia Shabani aje Sanya Juu na wenzake, aseme mwenyewe mbele ya wa juu. Alisema atakuja, kwa sauti ya mtu ambaye anajua chakula kitakuwepo.

Kisha tukaletewa perege wa kukaanga na ugali. Perege wa Kahe, jamani, mimi ninauza chakula na nasema kweli tupu, nilinyamaza kwa adabu. Mwenyekiti hakunyamaza. Alikuwa anaeleza jambo kuhusu mikataba wakati mwiba ulipomkaa kooni. Tulimlisha matonge ya ugali makavu, tukamlisha ndizi, mama mmoja akampiga mgongoni kwa moyo wake wote. Safari ikasimama hadi jua linaelekea kuzama. Mwiba ulishuka, lakini alikaa muda mrefu bila kusema neno akiogopa usirudi, na ninakiri tulirudi Moshi kulala tukiwa na furaha ya pekee ndani ya gari.

Kupanda Masama: mfereji wa watu

Kesho yake tulipita Boma Ng'ombe, tukanunua maji na mahindi ya kuchoma, tukaanza kupanda. Mvua nayo ikaanza. Kule chini ilikuwa manyunyu tu, lakini tulipofika kwenye migomba na kahawa ilishakuwa mvua yenyewe, na barabara ikageuka utelezi. Sauti ya Mwenyekiti ilikuwa imerudi.

"Massawe, kaza kulia," alisema.

"Mzee, niache niendeshe."

"Kulia, kulia!"

Gari likaenda kushoto, taratibu kabisa, hata nilipata muda wa kumalizia hindi langu, likatumbukia kwenye mfereji wa kumwagilia uliokuwa kando ya barabara. Ukingo ukabomoka. Maji yote yaliyokuwa yanaelekea shambani kwa mtu yakaanza kuteremka barabarani.

Tulishuka, kila mmoja na jani lake mkononi. Msiniulize kwa nini tulishuka na majani. Tulishazoea kuyashika.

Mara akatokea mzee mrefu, mwembamba, amevaa koti la mvua na kofia ya sufu, jembe begani, anakuja kwa hatua za hasira na kupiga kelele kwa Kichagga. Sikuelewa neno, lakini nilielewa kwamba maji yale yalikuwa zamu yake. Nilijificha nyuma ya Mwenyekiti, ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona ana faida.

Yule mzee alifika karibu, akayaona masale. Akasimama. Akatutazama usoni, akatazama tena majani. Jembe likashuka begani, akaliacha lianguke palepale kwenye tope.

"Shikamoo mzee," tukasema wote.

"Marahaba. Mnaelekea wapi?"

"Tumeleta ujumbe wa amani," Mwenyekiti alianza, "na tunaelekea Sanya Juu, ambako..."

"Sanya Juu," alisema yule mzee. "Nilijua."

Akanyoosha mikono yote miwili, akapokea lile jani kutoka kwa Mwenyekiti kama anapokea mtoto wa kubatizwa. Kisha akageuka kuelekea nyumbani kwake na kuita kwa sauti ambayo sikudhani ingeweza kutoka kwenye kifua kile: "Mama Eliya! Mama Eliya, toka uone! Kundaeli ameleta masale!"

Sisi hatukumjua Kundaeli. Mwenyekiti alidhani ni namna ya Kichagga ya kusema karibuni, akapiga makofi.

Kwa Mzee Anaeli: kiburu na mbege

Mzee yule jina lake ni Anaeli. Kabla hatujakausha viatu, uwanja wake ulikuwa umejaa majirani. Vijana wa pale wakalitoa gari mferejini kwa kamba na nyimbo, wengine wakaukarabati ukingo, na hakuna aliyetulaumu hata kidogo. Hilo lilinishangaza. Mimi mtu akinimwagia ndoo ya maji tu mgahawani namsema mpaka jioni.

Kikaja kiburu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, cha moto. Yakaja maziwa. Kisha ikaja mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, kwenye kata, na Mzee Anaeli mwenyewe akampelekea Mwenyekiti. Mwenyekiti ni mzee wa kanisa, hajawahi kugusa pombe. Aliiangalia ile mbege, akawaangalia wazee waliokuwa wamemzunguka wakisubiri, akasema kwa sauti ya chini, "Kwa ajili ya ushirikiano wa kimataifa," akanywa. Ushirikiano ulimpendeza, maana aliomba tena.

Mimi nilianza kuona kitu hakiko sawa pale wazee walipokuwa wanakuja mmoja mmoja kunishika mkono na kusema, "Aika, aika sana, umefanya kazi kubwa." Kazi gani? Nikamtafuta Bwana Massawe. Alikuwa nyuma ya jiko anakula kiburu chake kwa amani.

"Massawe, hawa watu wanatushukuru nini?"

Alimeza kwanza. "Masale si bendera, mama. Mtu akimkosea mwenzake, hamwendei mwenyewe. Anatuma watu na jani la masale kuomba msamaha. Na aliyeletewa hawezi kukataa, hata awe na hasira namna gani."

"Kwa hiyo sisi..."

"Nyie mmeletwa na mdogo wake. Yule wa Sanya Juu."

"Kwa nini hukusema tangu Moshi?"

"Mimi niliambiwa niendeshe."

Nilitamani kumpiga na mwiko. Lakini Mama Eliya, mke wa Mzee Anaeli, alikuwa ameingia kuchukua sufuria, akanishika bega na kunieleza mwenyewe, akidhani mengi nayajua. Anaeli na Kundaeli ni wa tumbo moja. Waligombana zamani juu ya zamu ya maji ya mfereji huohuo tuliouvunja. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyefunga maji kwanza, na kahawa ikakauka. Kundaeli akahamia Sanya Juu, na hawajasemezana tena. Mwaka huu Mzee Anaeli aliumwa sana, na kitandani aliwaambia watoto kwamba akifa Kundaeli asikanyage msibani.

"Maneno hayo yalikuwa yanamla," alisema Mama Eliya. "Aliyasema kwa hasira, halafu akashindwa kuyarudisha. Leo ndiyo ameyarudisha. Amewaambia wote hapo nje kwamba Kundaeli ndiye atakayemzika. Mama, Mungu awabariki."

Nikasema amina. Ningesema nini? Niliogopa, nawaambia kweli. Yule mzee alikuwa amemsamehe mdogo wake mbele ya kijiji kizima, na mdogo mtu wala hakuwa na habari. Mzee akigundua kwamba jani lile lilitoka kwenye wazo la picha nzuri, atabaki na aibu ambayo hakuna masale ya kuiondoa, na Kundaeli atakuwa amekosewa upya.

Aikande nilipomweleza alikaa chini kwenye kinu kilichopinduliwa. "Jamani, mimi nilijua ni amani tu. Bibi alikuwa anasema hivyo, masale ni amani. Sikuuliza zaidi."

"Twende tukamwambie ukweli," nilisema.

Tulitoka. Tulimkuta Mzee Anaeli anacheza, taratibu, kofia yake ya sufu imekaa upande, wazee wenzake wanampigia makofi. Aikande akanishika mkono. Tukarudi jikoni.

Tukakubaliana kuwahi Sanya Juu, kumbembeleza Kundaeli atume masale ya kweli kabla kaka yake hajajua. Wazo zuri, lingefaa, kama Mzee Anaeli asingetuambia wakati wa kutuaga kulala: "Kesho vijana wa hapa wanakuja kwenye mkutano wenu na lori la kanisa, ile Kanta. Mimi nimeomba siti ya mbele. Nataka kumwona mwenyewe."

Sanya Juu: Kundaeli

Asubuhi tuliondoka mapema, Mwenyekiti kichwa kikimgonga na kiburudisho cha jana, akilalamika kwamba ni hewa ya milimani. Sanya Juu ilikuwa siku ya gulio, na gari lilitambaa katikati ya viazi, maharage na mbuzi. Kila tuliyemuuliza alikuwa anamjua Kundaeli, na kila mmoja alitaka kwanza tununue kitu.

Tulimkuta nyumbani anakatia ng'ombe majani. Mfupi, mnene, tofauti kabisa na kaka yake, ila ile sauti ni moja. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, kwa upole. Sikujua kwamba Aikande alikuwa ameshuka garini na jani mkononi.

Kundaeli akaliona. Panga la majani likamtoka. "Anaeli," akasema. "Anaeli amekubali kosa lake! Mke wangu, njoo! Hatimaye amekiri!"

Hapo uvumilivu uliniishia. Nilimnyang'anya Aikande lile jani nikalikalia. "Baba, shikamoo, na unisamehe, lakini hakuna aliyekiri chochote," nilisema. Nikamwaga yote, kuanzia gari hadi mbege. Mke wake, Mama Ndeshi, alisikiliza ameshika kiuno, haachi kunitazama mdomo.

Kundaeli alifuta mikono kwenye suruali. "Alipolipokea alifanya nini?" akauliza.

"Aliangusha jembe kwenye tope."

"Jembe aliliangusha? Anaeli?" Alifikiri. "Halafu?"

"Halafu akamwita mke wake. Alitaja jina lako kwa nguvu mpaka majirani wakaja. Jioni alicheza."

Nilidhani nimeshinda. Lakini aliinama akaokota panga lake. "Mimi siwezi kuomba radhi kwa kosa nisilofanya. Maji alifunga yeye." Akaendelea kukata majani, sasa kwa nguvu ambayo ng'ombe wale hawakuihitaji.

Nilirudi garini nimevunjika moyo. Mwenyekiti akaniambia mazungumzo ya ngazi ya juu huchukua muda. Nilimjibu vibaya, na sirudishi neno.

Ukumbini: dunia nzima

Ukumbi ulijaa. Shabani wa Kahe alikuja na wenzake na buti zilezile. Aikande aliunganisha kompyuta, na kwenye ukuta akatokea msichana wa Nepali aitwaye Sarita na vijana wenzake wamevaa makoti, wakapunga mkono, kisha mtandao ukakatika, kisha wakarudi, kisha wakakatika wakiwa wamefumba macho. Mwenyekiti aliona nafasi akaanza hotuba. Nyuma kabisa, karibu na mlango, nilimwona Mama Ndeshi amemleta mume wake, na kwa namna alivyomshika mkono wa shati, kumleta hakukuwa rahisi.

Mwenyekiti alikuwa ameshafika bara la tatu wakati Kanta ya Masama ilipopiga honi nje. Vijana wakaingia, na mbele yao Mzee Anaeli, suti ya kijivu, kofia ileile ya sufu, mkungu wa ndizi begani. Hakumtazama Mwenyekiti. Alitembea moja kwa moja hadi nyuma, akausimamisha mkungu sakafuni mbele ya mdogo wake.

"Masale yako nimeyapokea," alisema.

Hata Mwenyekiti alikatiza hotuba. Kundaeli alinitazama mimi. Nikatazama dari. Kama angesema hayakuwa yake, angesema kweli, na kaka yake angesimama pale katikati ya watu na ndizi zake. Mama Ndeshi aliachia lile shati.

"Yalichelewa njiani," alisema Kundaeli.

Mzee Anaeli akamshika mkono kwa mikono miwili, wakabaki hivyo, hawajui waachiane vipi. Aikande alilia waziwazi, mimi nikajifanya napenga kamasi. Watu wakaanza kupiga makofi, na Mwenyekiti akainama kushukuru.

Kisha Kundaeli akasema, bado ameshikwa mkono, "Lakini maji ulifunga wewe."

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Nilikuja nikakuta udongo na jani la mgomba juu yake."

"Hilo jani uliliweka mwenyewe! Zamu ilikuwa yangu hadi jua lipande!"

Wakaanza. Walibishana kwa Kiswahili, kikawapungukia, wakahamia Kichagga. Kule ukutani Sarita alikuwa amerudi hewani, macho yamemtoka, akauliza wale wazee wamepatwa na nini. Aikande akamweleza kwamba ni ndugu, na wanagombania maji ya mlimani. Sarita aliwageukia wenzake, akawatafsiria, na chumba kizima cha Nepali kikaangua kicheko. Akasema babu zake wawili wako hivyohivyo, na siku hizi hata barafu ya kwao inapungua, ugomvi unazidi. Hapo vijana wetu wakasogeza viti karibu na ukuta. Walitaka kujua wao hugawanaje.

Shabani akasimama. "Samahani wazee wangu, shikamoo zenu. Mkimaliza nani alifunga, na sisi wa chini tuna neno, maana mmefunga wote wawili."

Wazee wakamgeukia pamoja, kwa hasira moja, na wakaanza kumjibu wakisaidiana. Mwenyekiti aliikunja hotuba yake, akavuta kiti, akakaa kusikiliza. Vijana wa Kahe na wa Masama walichora mfereji wote chini kwa chaki, kuanzia juu hadi kwenye vitunguu, na kila mzee alikuwa anafuta sehemu yake na kuichora upya.

Jioni ikabidi watu watawanyike, lakini wale ndugu walikuwa hawajamaliza. Mzee Anaeli alisema jambo lile haliwezi kuamuliwa hadi mtu asimame pale penyewe, kwenye mgawanyo wa maji. Kundaeli akasema twende, sasa hivi, nikuonyeshe. Akapanda Kanta ya Masama na viatu vyake vya shambani, wakabanana siti ya mbele, wananyoosheana vidole usoni, na gari likaondoka nao kabla hatujaaga.

Nilimgeukia Mama Ndeshi nikiwa na wasiwasi. "Mama, tusingewazuia? Wataumizana."

Alikuwa anafuta macho kwa pindo la kanga, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Waache, mwanangu," alisema. "Miaka yote hii mume wangu akimkasirikia Anaeli, nagombezwa mimi. Leo mwenyewe kapatikana."